Mkwe Wako Anapita

Juzi mama alikuwa anasafisha stoo, akalitoa koti la mvua la baba, lile la bluu lililochanika kwapani, akalirusha kwenye rundo la vitu vya kuchoma. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na simu ya mteja mapajani, nimeifungua, naitafuta shoti ilipo. Nikaiacha simu nikaenda kulichukua koti. Mama akasema linanuka. Nikamwambia ndiyo maana halichomwi. Nikaikunjua kola, nikaingiza pua. Ugoro. Miaka yote hii, limefuliwa, limenyeshewa, limelaliwa na kuku, na bado kwenye kola kuna ugoro wa bibi.

Mama akaniangalia akaona nimeshabadilika uso, akaniacha. Ananijua.

Na nyie wa rika langu niwaambie kitu kinachonikera. Neno mkwe siku hizi tumelifanya la masihara. Mtu anamwona mtoto wa rafiki yake anatambaa, anacheka, "Mkwe wangu huyo, mnitunzie." Kuna kijana alikuja kwenye meza yangu kule karibu na stendi, mara ya kwanza kuniona, akaanza, eti mkwe wake, yaani mama yangu, hajambo? Nikamrudishia simu yake haijatengenezwa. Akashangaa, nimekosa nini dada? Sikumweleza. Nawaeleza nyie.

Bibi, mama yake mama, alikuwa na nyumba yake Mutuka, na shamba la mahindi na mbaazi. Masika fulani ukuta wa nyuma ukalala chini, mama akaenda kumleta kwetu Maisaka. Baba ni mtu wa kuja, kwao Singida, fundi ujenzi. Akasema taratibu, bila ubaya, kwamba yeye hawezi kulala paa moja na mkwe wake. Bibi naye huko Mutuka alikuwa ameshasema hivyo hivyo kabla hajapanda gari. Basi baba akachukua matofali aliyokuwa anayatunza kwa ajili ya jiko, akamjengea bibi chumba nyuma ya nyumba. Mlango akautazamisha kwenye migomba, sisi tukabaki tunaona ukuta. Mimi nilipouona mlango umegeuziwa kule, nikajua hapa kuna ugomvi mkubwa na watu wazima wananificha.

Na kila kitu kilichofuata kilinithibitishia. Baba akirudi kazini alikuwa anasimama getini kwake mwenyewe, na ndoo yake ya vifaa, anakohoa. Hakuwa na kifua, alikohoa tu ili ajulikane. Mimi kazi yangu ilikuwa kukimbia uani na kusema, "Bibi, mkwe wako anapita." Bibi kama alikuwa anachambua mboga anaacha hapo hapo, anavuta kanga, anaingia ndani, au akichelewa anageukia ukutani. Baba anapita haraka, macho chini, kama mtu aliyekatiza kwenye msiba wa watu asiowajua. Hawakupeana mkono hata siku moja. Hawakula pamoja. Kigoda cha bibi baba alikizunguka kama kina moto. Hata kamba za kuanikia nguo zilikuwa mbili.

Wakitaka kuambiana kitu walinipitia mimi. Baba yuko upande huu wa ukuta, bibi yuko upande ule, wanasikiana vizuri kabisa, halafu baba ananiambia, "Mwambie mkwe wangu, kesho nitapanda juu ya paa lake kuziba, asishtuke." Kabla sijafungua mdomo bibi anajibu, lakini ananijibu mimi: "Mwambie mkwe, ngazi aangalie, ile ya tatu imeoza." Mimi nasimama katikati kama mjinga.

Nikaamua mkwe maana yake ni mtu mliyekosana mpaka mwisho. Sikumuuliza mtu, nilijifundisha mwenyewe, kama ninavyojifundisha kila kitu. Shuleni nilipogombana na mwenzangu wa dawati kwa sababu ya kifutio, nikamwambia mbele ya darasa, "Kuanzia leo wewe ni mkwe wangu. Usiniongeleshe." Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Mimi nililia kwa hasira, maana sikuona cha kuchekesha.

Na mimi kama mnavyonijua, palipo na ugomvi lazima niwe upande. Nilikuwa upande wa baba. Yeye ndiye aliyejenga ile nyumba, tofali kwa tofali, na yeye ndiye anayeomba ruhusa kuingia. Watoto wa nyumba ya pili walikuwa wananizomea, "Baba yako anakohoa kama mwizi kwake." Niling'oa jino la mmoja wao, la utoto lakini, lilikuwa linatikisika. Nyumbani nilichapwa na sikusema sababu. Hasira zote nikazipeleka kwa bibi. Akinituma kopo lake la ugoro, nachelewa makusudi. Akiniita mara ya kwanza, sisikii. Bibi alikuwa ananitazama tu na kale kajicho kake kamoja kenye ukungu, anasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Wewe una moto. Sawa."

Ndipo ikaja ile siku ya mvua.

Mama alikuwa ameenda mnadani Magugu na mitumba yake, na simu ya nyumbani ilikuwa moja, alikuwa nayo yeye. Kaka yangu Elia alikuwa shule ya bweni. Baba alikuwepo kwa sababu mvua imesimamisha kazi, amekaa sebuleni ananoa mwiko wake. Tangu asubuhi mlima Kwaraa haukuonekana, na mchana ikashuka mvua ya kupiga mabati mpaka watu mkiwa chumba kimoja mnaongea kwa mikono.

Nilitoka uani kuingiza ndoo, nikasikia kitu kama mbuzi analia. Sauti ilitoka bafuni. Bafu letu lilikuwa la nje, mabati pande tatu na gunia mlangoni, chini mawe. Nikafunua gunia. Bibi alikuwa amelala ubavu kwenye mawe, kanga imemtoka, mguu mmoja umekaa vibaya, na maji yanayokimbilia mtaroni yalikuwa na rangi. Damu ilitoka juu ya sikio.

Nilikimbilia mlango wa sebule nikapiga kelele, baba akavuta koti lake la mvua akatoka mbio. Akafika mpaka kwenye kona ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye gunia, akasimama ghafla kama amegonga kioo. Akageuka, akatupa mgongo.

"Kuna nini?" akauliza, uso ukutani.

Nikamwambia bibi ameanguka, anatoka damu, hana nguo.

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaniambia nikimbie kwa Mama Husna, jirani mwenye duka, niite mwanamke yeyote, upesi. Nilikimbia. Duka lilikuwa limefungwa. Niligonga mlango wa bati kwa mawe, mvua ikameza kila kitu. Nikaenda nyumba ya pili, ya wale wazomeaji, nikagonga hata pale, geti lina kufuli. Korongo la kwenda nyumba za chini lilikuwa limejaa, maji ya kahawia yanabeba matawi. Nikarudi peke yangu.

Baba alikuwa pale pale, mgongo umegeuka, amelowa mpaka suruali imemganda. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimchukia baba yangu. Nilifikiri, kumbe ugomvi wao ni mkubwa kiasi hiki. Anaweza kumwacha afe.

"Hakuna mtu," nikamwambia.

"Mwulize mkwe wangu kama anaweza kuinuka."

Nikageuka kumwuliza, na bibi kutoka kwenye mawe akajibu kwa sauti ndogo, "Mwambie mkwe, mguu umekataa."

"Mwambie nataka kuingia nimtoe."

"Mwambie asiingie." Akavuta pumzi. "Mwambie asubiri mama Elia."

"Mwambie mama Elia yuko Magugu, na mvua hii barabara haipitiki."

"Mwambie, basi hapa hapa."

Mnaona? Mtu anatoka damu kichwani, mwingine ananyeshewa kama ng'ombe, na bado mimi napeleka salamu. Nilitaka kuwapiga wote wawili. Baba akasema tena nimwambie anaomba. Nikamwambia bibi, mkwe wako anaomba. Hakujibu. Nikamtikisa bega. Jicho lake zima lilikuwa nusu wazi na halikuniangalia.

"Hajibu," nikasema. "Baba, hajibu."

Baba akaegemeza paji la uso ukutani. Halafu akavua koti lake la bluu, akalirusha nyuma bila kugeuka, likaanguka miguuni kwangu.

"Mvike hilo. Mfunge kanga. Halafu mfunike na uso."

Nikajua maana ya kufunika mtu uso. Nilishaona msibani.

"Hajafa," nikamwambia. Nilimpigia kelele baba yangu. "Hajafa, simfuniki."

"Najua hajafa mwanangu. Mfunike ili asinione. Akizinduka mikononi mwangu akaniona, hiyo itamuumiza kuliko mguu."

Sikuelewa, lakini nilifanya. Nilimfunga kanga vibaya vibaya, nikamvika koti mkono mmoja ukakataa, nikamwekea kofia ya koti mpaka mdomoni. Nikasema tayari. Baba akaja kinyumenyume mpaka kwenye gunia. Halafu akafumba macho, akanipa mkono wake.

"Niongoze."

Nikamwongoza kama kipofu kwenye bafu alilolijenga mwenyewe. Nikamwekea mikono, mmoja chini ya mgongo wa bibi, mmoja chini ya magoti. Alipomgusa, mikono yake iliruka, nakumbuka, kama amegusa waya wa umeme. Akasema kwa sauti ya chini, na safari hii hakunipitia mimi, "Nisamehe, mama." Akamwinua.

Tulitoka getini hivyo. Baba alipofungua macho aliyaelekeza juu, kidevu kimeinuka, mvua inampiga usoni. Njia nzima mpaka barabara ya lami, kwenye lile tope letu la Maisaka linalovua watu viatu, hakuangalia chini. Alijikwaa, akapiga goti, akasimama, akajikwaa tena. Mimi mbele naita, "Shimo baba, pita kulia, jiwe baba." Watu wawili watatu walitutazama kutoka barazani. Mmoja akasema kitu kuhusu mzee kubeba mwanamke, akacheka. Nilimtukana tusi ambalo sikujua kwamba nalijua.

Barabarani tulisimamisha Kenta iliyobeba vitunguu. Dereva alikuwa mzee wa makamo, mtu wa huku huku kwa lafudhi yake. Akateremsha kioo kidogo, hataki mvua iingie. "Ni mama yako huyo?"

"Mkwe wangu," baba akasema.

Yule mzee alizima redio. Akaiangalia mikono ya baba, akaangalia ile kofia iliyofunika uso, akavua kofia yake mwenyewe ya sufu. Hakuuliza nauli wala tunakwenda wapi. Akashuka kwenye mvua, akamtoa utingo wake kwenye kiti, akafungua mlango, halafu akageuka kuangalia upande mwingine mpaka bibi alipolazwa. Baba akapanda nyuma juu ya magunia. Mimi nikakaa mbele, kichwa cha bibi mapajani kwangu, na ugoro na damu na vitunguu vikawa harufu moja.

Mpaka tunafika zahanati kule Bagara yule mzee alikuwa anafuta kioo kwa kofia yake. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Baba yako ni mtu wa wapi?" Nikamwambia Singida. Akatikisa kichwa. "Amelelewa."

Nilikaa na lile neno njia nzima. Mimi nilikuwa namwona baba kama mtu aliyekuwa tayari kuacha mtu afe, na huyu mgeni anasema amelelewa.

Baba alimkabidhi bibi kwa manesi mlangoni, akarudi nje. Kuna benchi chini ya paa lakini hakukaa, alisimama getini kwenye mvua, kwa sababu kutoka kwenye benchi dirisha la wodi lilionekana. Nesi akaniuliza mbona baba yako haingii, amegombana na mama yake? Nikamwambia sio mama yake, ni mkwe wake. Akasema aa, akaenda kufunga pazia.

Bibi alizinduka wakati wanamshona. Alinishika mkono kwa nguvu sana kwa mtu aliyekuwa amezimia.

"Nani kanileta?"

Nikaogopa kusema. Nikasema mkwe wako.

Alifumba macho. Machozi yakatoka pembeni, yakaingia kwenye bandeji. Nesi akafikiri ni sindano.

"Aliniangalia?"

Na hapo ndipo kitu kilipofunguka kichwani kwangu, pale kitandani, nikiwa mtoto mwenye tope mpaka kiunoni. Kile kidevu kilichoinuliwa. Yale magoti yaliyopigwa chini. Yale macho yaliyofumbwa. Mlango uliotazama migombani ili mama mtu mzima aweze kuketi na kunusa ugoro wake bila kuvizia nani anaingia. Nilikuwa nimeyaangalia yote hayo mwaka mzima nikayaita chuki.

"Hakukuangalia, bibi," nikasema. "Aliangalia juu. Alianguka kwa sababu ya kuangalia juu."

Akaachia mkono wangu. Akalala.

Mama alifika jioni barabara ilipofunguka, akalia, akamkumbatia baba getini, akamkemea kwa kusimama kwenye mvua. Bibi alikaa zahanati, akarudi na gongo la kutembelea, mguu haukunyooka tena vizuri.

Siku ya kurudi baba hakuwepo. Alikuja baadaye na blanketi jipya jekundu kwenye mfuko, zito, la bei. Alikohoa getini, nikatangaza, bibi akajivuta ndani. Baba akaenda mpaka mlango wa migombani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu amalize kujenga, akaliweka blanketi juu ya kigoda, akarudi nyuma ya ukuta. Mama akanieleza kwa sauti ndogo: mtu akimgusa mkwe wake, hata kama ni kwa kumwokoa, lazima alifunike lile jambo kwa nguo. Nguo ikikataliwa, basi undugu umepasuka. Nilimtazama baba. Mtu huyu anapanda magorofa ya watu bila kamba, na hapo alikuwa anatafuna kucha.

Mkono wa bibi ukatoka mlangoni. Ukalipapasa blanketi, ukalivuta ndani. Tukasubiri.

"Mwambie mkwe wangu," sauti ya bibi ikaja, "blanketi ni zito. Mvua imekwisha."

Baba alipumua kama mtu aliyetua mfuko wa saruji.

Mimi nilifikiri sasa watakula pamoja. Kesho yake baba akakohoa getini kama kawaida, na bibi na gongo lake akaanza kujikokota kuingia ndani. Nikachemka. Nikamfuata nikamwambia, bibi, mtu amekubeba kwenye tope, bado unamkimbia? Akakaa kitandani akahema, akachukua ugoro, akanusa, akapiga chafya.

"Unataka nimzoee?" akasema. "Nikimzoea nitaanza kumtuma chumvi dukani. Nitamsema akichelewa. Nitamsema kwa mama yako. Mimi najijua mdomo wangu. Wewe umeurithi." Akafunga kopo. "Yule nilimpa mtoto wangu. Sitaki siku moja nimvunjie heshima kwa mazoea."

Kuanzia siku hiyo, akiniita mara moja tu, nasikia.

Bibi tumemzika mwaka huu, Mutuka, pembeni ya shamba lake. Wakati wa kuaga mwili watu walipanga mstari, na baba hakupanga. Alisimama mbali, kwenye mahindi, amelipa mgongo jeneza. Mjomba mmoja wa ukoo, ambaye bibi alipovunjika mguu hakuja hata kumjulia hali, akasema ili watu wasikie, "Mkwe gani huyu, anaona kinyaa hata kuaga." Mama alinishika gauni lakini alichelewa. Nilimwambia, shikamoo mjomba, huyo unayemsema alimbeba bibi kwa mikono yake hajamwona hata ukucha, na wewe alipoishi huku ulimwona kila siku, hukumletea hata maji. Nikaambiwa sina adabu. Sawa.

Tulipomaliza, watu wakaenda kwenye chakula. Nikabaki napanga maua yaliyoanguka. Nikasikia nyuma yangu, kwenye mahindi, kikohozi. Kile kile. Baba alikuwa amesimama ambapo shamba linaishia, kofia mkononi, macho chini. Alitaka kusogea na alikuwa anasubiri. Nywele zake zimekuwa nyeupe, sijui zimeanza lini.

Nikainama kwenye udongo, nikasema kwa sauti ya kusikika, kama nilivyokuwa nasema uani:

"Bibi, mkwe wako anapita."

Tukampa muda wa kuingia ndani. Ndipo baba akaja.